Swali la Daktari Muneoka

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Maana yake ni kwamba mtu asiyejua jambo, akafungua kinywa chake akauliza, hapungukiwi na kitu. Anayepungukiwa ni yule anayelimeza swali lake kwa kuogopa macho ya watu. Tena swali lililomezwa halifi tumboni. Hukaa humo likingoja siku yake, kama lilivyomngoja Daktari Muneoka Shigeto.

Daktari Muneoka alikuwa daktari wa watoto katika mji mdogo wa Kamihara, kati ya milima ya Japani, mji wa mashamba ya zabibu. Zahanati yake ilikuwa safi kama yai lililomenywa. Wagonjwa walivua viatu mlangoni wakavaa ndara za kijani, na zile ndogo za watoto zilikuwa na picha ya sungura. Kabla ya kumpima mtoto, Daktari alikipasha moto kile chuma cha kusikilizia kifua kwa kukifumbata kiganjani, ili mtoto asishtuke. Kina mama wengi waliomletea watoto walitibiwa naye wao wenyewe wakiwa wachanga. Walimwita Sensei, jina la heshima la walimu na madaktari, na walilitamka huku wakiinamisha vichwa. Hakuwa mzembe, wala hakuwa na tamaa. Ila heshima ile ilimkaa mwilini kama koti jipya ambalo mwenyewe anaogopa kulikunja.

Katika nchi ile mvi hazimwondoi daktari darasani. Bingwa wa watoto sharti aendelee kuhudhuria mihadhara na kukusanya alama, la sivyo ubingwa wake hufutwa. Basi mwanzoni mwa kiangazi Daktari Muneoka alipanda treni akaenda kwenye mhadhara katika mji mkuu wa mkoa. Mlangoni mwa ukumbi aligusisha kadi yake kwenye kimashine kidogo, kikalia ti! Wakati wa kutoka unaigusisha tena, na alama yako imeingia.

“Muneoka! Njoo huku nyuma,” aliita rafiki yake wa siku nyingi, Daktari Onuki, mtu mnene mwenye kupenda mzaha. “Kiyoyozi kinapuliza vizuri, utalala kama mtoto aliyeshiba.”

“Wewe umekuja kusoma au kulala?”

“Kadi ndiyo inayosoma, bwana. Mimi nimeisindikiza tu.”

Muneoka alicheka, lakini akaenda kukaa safu ya mbele. Mhadhiri wa siku hiyo alikuwa Daktari Asahina, bingwa wa moyo wa watoto katika hospitali ya mkoa. Miaka mingi kabla ya hapo, Muneoka ndiye aliyemfundisha kuushika mkono wa kichanga na kuutafuta mshipa wake mwembamba kama uzi. Asahina alipomwona aliinama mpaka nywele zikamfunika uso.

Alizungumzia ugonjwa mmoja wa watoto wadogo unaojulikana sana kwao. Huanza kama homa ya kawaida, na macho mekundu, na midomo mikavu. Kumbe huingia kwenye mishipa inayoulisha moyo na kuivimbisha, kama mpira wa baiskeli unavyotokeza kitumbo palipochakaa.

“Zamani tulingoja homa ifike siku ya tano ndipo tuseme ni wenyewe,” alisema Asahina. “Sasa mwongozo umebadilika. Na kwa vichanga, dalili aghalabu hazitimii.” Akatazama safu ya mbele, akatabasamu kwa haya. “Lakini naona hapa wakubwa zangu walionifundisha kazi. Haya mnayajua kuliko mimi. Nitapita haraka nisiwachoshe.”

Picha yenye mwongozo mpya ikapita ukutani kabla Muneoka hajapata miwani yake mfukoni.

Swali likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Je, kichanga akiwa na homa changa na dalili mbili tatu tu, tungoje au tusingoje? Lilikuwa swali dogo, la pumzi moja. Msimamizi akauliza, “Kuna mwenye swali?” Ukumbi ukawa kimya kama maji mtungini. Muneoka aliinua mkono hadi usawa wa kifua. Akawaona madaktari vijana pembeni na kalamu zao. Mwalimu amuulize mwanafunzi wake mbele ya hadhara? Watasema mzee amechakaa. Ule mkono ukaenda ukakuna sikio.

“Nitamuuliza kwenye bia, baada ya mhadhara,” alijiambia. Lakini kwenye bia Asahina alimmiminia kwa mikono miwili, akasema, “Sensei, bila wewe nisingefika hapa.” Baada ya maneno hayo, nani angeweza? Akanywa bia yake, na swali akalishushia humo humo. Kadi nayo ilikuwa imekwisha kulia ti! mlangoni mwa ukumbi.

Ikaja Agosti, juma lile ambalo watu wote hurudi kwao kuzuru makaburi ya wazee, na zahanati hukaribia kufungwa. Asubuhi moja aliingia Kozue, binti mmoja wa mashamba ya zabibu, kambeba mwanawe Ibuki, mtoto wa miezi saba. Vidole vya Kozue vilikuwa bado na gundi ya ile mifuko ya karatasi wanayovisha vishada vya zabibu. Mtoto alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni.

“Siku ya tatu leo, Sensei. Hanyonyi, analia tu. Hata akibebwa analia.”

Daktari alikipasha chuma kiganjani, akasikiliza. Mapafu safi. Macho mekundu kidogo, bila tongo.

“Sensei, samahani,” alisema Kozue, akiona haya. “Labda nauliza upumbavu. Hapa begani alipochanjwa, mbona pamekuwa pekundu hivi?”

“Hakuna swali la kipumbavu, Kozue. Lete nione.”

Zile nukta za chanjo ya kifua kikuu, zilizopangwa safu safu begani, zilikuwa zimevimba na kuiva. Daktari alijua maana yake: ni dalili mojawapo ya ugonjwa ule aliouzungumzia Asahina. Akahesabu kimoyomoyo: homa, macho, bega. Dalili hazikutimia. Na homa ilikuwa ya siku ya tatu, si ya tano. Lile swali alilolimeza likarudi: tungoje au tusingoje?

Kozue alipokuwa akimvisha mtoto, muuguzi, Bi Tomie, alinong'ona, “Nimpigie Daktari Asahina? Si ulisema yeye ndiye bingwa wa mambo haya?”

Daktari alinyanyua simu mwenyewe. Akabonyeza tarakimu za mwanzo, akasita, akairudisha.

“Nimsumbue sikukuu kwa homa ya siku tatu? Atanicheka.”

“Si atacheka tu, Sensei? Kicheko hakiui.”

“Bi Tomie, nenda kamwandalie mtoto dawa ya homa.” Kisha akamgeukia Kozue na sauti yake ile ya upole. “Tumtazame. Homa ikifika siku ya tano, nipigie, hata kama ni sikukuu.”

Kozue akainama, akaenda zake akiwa ametulia. Kwani Sensei amesema.

Siku ya tano simu ililia asubuhi. Daktari aliidaka roho mkononi. “Sensei, homa imeshuka!” Kozue alikuwa akicheka. “Kaamka wa baridi, kanyonya!”

“Nilikwambia,” alisema Daktari. Siku chache baadaye lilifika boksi la zabibu za kwanza, kila tunda kubwa kama gololi, na kikaratasi cha shukrani.

Zabibu zile hazikuliwa zikaisha. Mwishoni mwa mwezi Ibuki alilia kilio ambacho mama yake hajapata kukisikia, akageuka rangi ya majivu. Gari la wagonjwa lilishuka mlima hadi hospitali ya mkoa likipiga king'ora. Moto ulikuwa umezimika wenyewe baada ya kuunguza nyumba: mshipa wa moyo ulikuwa umevimba, damu ikagandia humo, ikaziba. Mikono ya Asahina, ile aliyoifundisha Muneoka, ilifanya yote inayojua. Haikufaa.

“Sensei,” Asahina alisema kwenye simu, “alikuwa na homa kabla?”

Muneoka akamweleza: homa, macho, bega.

“Siku ile ya mhadhara nilipita haraka,” alisema Asahina. “Niliona nitakukosea adabu.”

Baada ya mazishi Kozue na mumewe walikuja zahanatini. Walivua viatu, wakavipanga sawasawa, wakainama mpaka chini. “Tulikusumbua sana, Sensei. Asante kwa kumtunza Ibuki.”

Daktari angeweza kuinama naye, yakaishia hapo. Lakini shukrani ile ilimchoma kuliko tusi. “Niliona,” alisema. “Bega lile niliona. Kulikuwa na mtu wa kumuuliza, na simu niliishika. Sikuuliza.”

Kozue alimtazama kama mtu anayetazama nyumba alimozaliwa ikiwaka. Hakulia. “Kwa nini?” aliuliza.

Hakuna swali la kipumbavu, ndivyo alivyomwambia. Kozue alingoja, na mumewe akangoja, kisha wakavaa viatu vyao wakaondoka. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya zabibu zilizochacha.

Mwaka uliofuata Daktari Muneoka aligusisha tena kadi yake mlangoni. Onuki alimwona, akaacha mzaha wake mdomoni. Msimamizi alipouliza kama kuna mwenye swali, ukumbi ukanyamaza kama ada. Safu ya mbele mzee mmoja akainua mkono, akauinua wote.

“Kichanga ana homa ya siku tatu,” alisema, “macho mekundu, na chanjo imeiva. Dalili hazijatimia. Tungoje siku ya tano?”

Asahina alishika meza kwa mikono miwili. “Hatungoji, Sensei. Tunampeleka siku ile ile akapimwe moyo.”

Jibu lilikuwa fupi kuliko swali. Muneoka aliinamisha kichwa, akakaa. Hakuna aliyecheka, vijana wale pembeni waliandika. Alipotoka, kadi ililia ti! ikampa alama yake, na katika mlima wa Kamihara kaburi dogo lilikuwa limeota majani. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulijua swali na kulinyamazia.