Vitu Vitatu na Jina la Mtu

Wachimba mifupa watawaambia mengine, na wamesoma, mimi niliishia darasa la sita. Lakini wakiyasikia haya watatupa majembe.

Kabla ya watu kulikuwa na vitu: vina manyoya, vinatembea kwa miguu minne, vinakoroma tu. Vitatu vilikuwa na vipaji. Chubwi kilipenda maji kuliko kiboko. Kauli kilikula uyoga unaoota kwenye mavi ya nyati, kikashinda kinayashangaa mawingu. Moshi kiliokota moto wa radi, kikaulea kama mwana.

Siku moja kichanga cha mama mmoja wa kundi lao, aitwaye Nyange, kililala juu ya matete kando ya ziwa. Matete yakakatika, yakaelea nacho mbali. Mamba akafuata.

Kauli, juu ya jabali, kilimwona mamba upande wa kulia, mtoto kushoto. Kikafumbua kinywa kikorome, likatoka neno: "Kushoto!" Ndege wakanyamaza. Upepo ukasimama. Dunia haikuwa imewahi kusikia neno.

Chubwi, kilichokuwa majini kikimtafuta mtoto, kikageuka kushoto. Kilijuaje maana? Nawe ulijuaje la kwanza uliloambiwa? Maji yakafika puani. Kikainuka kwa miguu miwili, kikambeba mtoto juu ya kichwa, kikatoka hadi nchi kavu vilevile, wima! Kundi zima likarudi nyuma.

Ila mtoto alikuwa wa baridi, na maziwa ya Nyange yamekauka kwa hofu. Moshi kikachoma kiazi mwitu hadi kikawa laini, kikakiponda, kikamlisha. Mtoto akafumbua macho, akacheka.

Tangu hapo kundi zima likajua kusema, na wale watatu hawakunyamaza tena.

"Bila mimi ungemkumbatia mamba," Kauli alimwambia Chubwi.

"Wewe hata mguu hukulowesha!"

"Bila moto wangu mngemzika nyote wawili," Moshi akasema.

"Nyamazeni!" Nyange alilia. "Desturi yetu mnaijua: kundi lina kiongozi mmoja, wanaoshindana naye hufukuzwa. Nitakayemwita Mtu, tutamfuata mimi na mwanangu na wote watakaozaliwa. Wawili watabaki vitu, warudi porini kwa miguu minne."

Akawatazama. Wote watatu walikuwa wamesimama kwa miguu miwili, wanasubiri.

Haya, ninyi mnaosimama, mnaosema, mliokula cha moto leo asubuhi: mngemwita nani Mtu? Na mngewatazamaje wale wawili wakiinama?