Vitango Vitatu vya Bi Somoe

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama mliolazimishwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wa nyuma sogeeni, wa mbele acheni kutafuna. Hadithi ya leo haina sungura na haina harusi. Anayetaka kucheka akacheke nje, arudi ikiisha.

Kale hiyo, kale ya babu wa babu zetu, palikuwa na kijiji. Jina lake limepotea, nami sitawatungia jingine. Katika kijiji hicho aliishi mwanamke mmoja mzee, mjane, akiitwa Bi Somoe. Alikuwa na mwana mmoja tu, Chande, na mke wa Chande aliitwa Mwajabu. Wote watatu waliishi ua mmoja.

Bi Somoe ndiye aliyekuja na vitango. Alikuja navyo kutoka kwao alipoolewa, mbegu chache zimefungwa kwenye pindo la kaniki. Si matango haya makubwa mnayoyajua. Vitango vidogo, urefu wa kidole gumba, vina vinundu mgongoni na ngozi inayokwaruza. Alivipanda kwenye ua wa miti, vikapanda, vikatambaa, vikafika juu.

Akawafundisha watu kuvitia achari. Unavichuma alfajiri vingali na umande. Unavisugua chumvi ya mawe, kwaru kwaru kwaru. Unachemsha maji ya chumvi, unayaacha yapoe kabisa. Unatia mtungini vitango, pilipili, vitunguu saumu, na majani ya mpera ili visilegee. Juu unaweka jiwe safi, vyote vizame, maana kinachochungulia nje ya maji kinaota ukungu na kuharibu wenzake. Kisha unangoja. Mtungi unasema bwiku, bwiku, bwiku. Siku unaponyamaza, vimeiva. Ukiuma kimoja: kachu! Na hata ugali mkavu wa mtama unateremka.

Kijiji kizima kikawa na ua wa vitango. Kijiji kizima kikawa na mitungi. Bwiku, bwiku, bwiku, kila nyumba.

Lakini sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye kosa. Kitango cha achari huchumwa kichanga. Na kichanga hakina mbegu, ndani ni maji matupu. Ukitaka mbegu, lazima ukiache kimoja kwenye mtango wake kikue, kinenepe, kigeuke manjano, kiwe kibaya hata mbuzi akisuse. Watu wakaona uchungu kukiacha. Walivichuma vyote, kila nyumba, kila mwaka. Mbegu wakamwachia Bi Somoe.

Yeye kila mwaka alichagua vitango vitatu, akavifunga uzi mweusi aliouchomoa kwenye kaniki yake. Chenye uzi hakiguswi. Na kila alipofunga fundo aliimba:

Cha leo kiende mtungini,
cha mwakani kibaki uani.

Mvua za kupandia zikikaribia, majirani walikuja na vikombe vya vifuu. Bi Somoe aliwahesabia mbegu nane nane kutoka kibuyuni, na yeye kupanda zake mwisho. Miaka arobaini alifanya hivyo. Miaka arobaini walipokea. Hakuna aliyesema, bibi, mwaka huu acha na mimi nifunge uzi kwangu. Nyinyi mnatikisa vichwa, lakini hata nyinyi msingesema.

Basi mwaka ukaja mbaya. Jua liliwaka, liliwaka, liliwaka. Mtama ulinyauka ukiwa magotini. Mitango ya kijiji ilikauka nyumba baada ya nyumba, na yale maji ya kisima yakawa ya kupokezana. Ukabaki mtango mmoja tu, wa Bi Somoe, aliokuwa akiunywesha maji ya kuoshea vyombo, kifuu kimoja asubuhi, kifuu kimoja jioni. Ulikuwa na vitango vitatu. Vyote vitatu vilikuwa na uzi.

Mwaka huohuo Mwajabu alikuwa na mimba. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilifika mwezi wa tano, lakini kila alichokula kilirudi. Uji ulirudi. Ugali ulirudi. Kilichokaa tumboni kilikuwa chakula kilichotanguliwa na achari, basi. Na mitungi ilikuwa imekwisha.

Bi Somoe alichukua maji ya achari yaliyobaki chini ya mtungi wa mwisho. Akamnywesha mkwewe kijiko kimoja kabla ya uji. Siku ya kwanza uji ulikaa. Siku ya pili ulikaa. Siku ya tatu ulikaa. Siku ya nne mtungi ukakauka.

Chande akamwendea mama yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama, vile vitatu."

"Vile si vya mwaka huu, mwanangu."

"Mke wangu ni wa mwaka huu."

Bi Somoe akasema, "Bondeni kule mbali kuna mkwaju. Watu hawaendi kwa sababu ya miiba. Nitakwenda. Ukwaju ni mchachu kuliko achari, utamfaa. Kabla jua halijainama nitakuwa nimerudi. Ningoje."

"Umezeeka, mama. Niende mimi."

"Wewe kaa umshike kichwa akitapika. Ningoje tu."

Akachukua fimbo yake akaenda. Ko, ko, ko, njia nzima.

Chande akakaa. Jua likapanda. Mwajabu akatapika maji ya njano. Jua likasimama utosini. Mwajabu akatapika tena, safari hii hapakuwa na kitu cha kutoka. Chande akainuka. Akaenda uani. Akavitazama vitango, vidogo, vibichi, vimekaa na nyuzi zao. Akachuma kimoja. Akachuma cha pili. Akachuma cha tatu. Nyuzi akaziacha zikining'inia.

Hakuvitia majini, hakungoja mtungi useme. Alivipaka chumvi tu, akampelekea mkewe.

"Mama kasema tule?" Mwajabu akauliza.

"Kasema."

Mwajabu akala. Kachu. Kachu. Kachu. Kisha akanywa uji, na uji ukakaa. Akalala.

Jua lilikuwa bado halijainama Bi Somoe alipoingia uani. Mikono imechanwa na miiba, pindo la kaniki limejaa ukwaju. Nusu siku tu, jamani. Chande alishindwa kungoja nusu siku. Mimi simcheki. Nina wana, na sijui ningefanya nini.

Bi Somoe akaziona nyuzi tatu. Akamwona mwanawe amekaa kizingitini, hainui uso. Akautua ukwaju.

"Amekula?"

"Amekula."

"Kimekaa tumboni?"

"Kimekaa."

"Basi," akasema Bi Somoe. Hakulitaja tena jambo lile.

Ukwaju ule ndio uliomlea Mwajabu miezi iliyobaki. Akazaa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Na mtango wa uani, ulipokosa vitango vyake, haukuzaa vingine. Ulikauka.

Mawingu ya kwanza yakaonekana. Majirani wakaja na vikombe vyao vya vifuu, kama kila mwaka. Wa mbele alikuwa Bi Asumini, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyepokea mbegu miaka yote arobaini.

"Hodi, bibi. Tumefuata mbegu."

"Karibuni. Mbegu hakuna."

"Hakuna vipi? Vile vitatu tuliviona na uzi."

Chande alikuwa nyuma ya mlango, amembeba mtoto wake. Alisikia kila neno. Akajua sasa ndiyo saa ya kutoka aseme. Mguu ukagoma.

Bi Somoe hakugeuka kuutazama mlango. Akasema, "Nilivichuma mimi. Njaa ya uzee ilinishinda."

Bi Asumini akageuza kikombe chake juu chini, akakikung'uta mbele ya yule mzee kana kwamba kuna vumbi ndani.

"Umekula mwaka wetu mzima, bibi," akasema. "Peke yako."

Wakaondoka. Siku zile zilizofuata, akipita kisimani wanampisha, hawamwamkii. Mwanamke aliyewafundisha kula. Alivumilia siku tatu. Siku ya nne akafunga kaniki, akachukua fimbo.

"Nakwenda kwetu nilikozaliwa," akamwambia mwanawe. "Huko ndiko mbegu ilikotoka, haitakosekana. Siku sita kwenda, siku sita kurudi."

"Mama, mimi ndimi..."

"Nyamaza, mwanangu. Wakikuchukia wewe, watamchukia na mtoto, na yeye ndiyo kwanza anaanza. Mimi namaliza."

Ko, ko, ko, fimbo ikapotea njiani.

Siku sita zikapita. Siku sita nyingine zikapita. Mvua ikaanguka, kubwa, ya siku nyingi. Bi Somoe hakurudi. Chande akajiambia, amepumzika kwa ndugu zake. Mwezi ukaandama. Akajiambia, njia ina matope. Akajiambia, nipalilie kwanza. Ukweli ni kwamba aliogopa kumtazama usoni. Miezi miwili ilipotimia, Mwajabu akamwambia, "Hivi mama yako ana watoto wangapi?"

Chande akaenda. Siku ya kwanza akauliza njiani, hakuna aliyemwona. Siku ya pili, jua likiwa juu, akafika mahali penye jiwe kubwa kando ya njia. Pale pamefunikwa kijani. Mtango. Mitango. Imetambaa, imevuka njia, imepanda jiwe, ina maua ya njano na vitango vidogo urefu wa kidole gumba.

Akainua majani. Akaiona fimbo. Akaiona kaniki, na pindo lake limeoza, na mizizi imetoka ndani ya fundo. Akaona mifupa imeegemea jiwe, kama mtu aliyekaa kidogo avute pumzi.

Ndipo akaelewa. Mama yake alikuwa amefika kwao. Mbegu alikuwa amezipata. Alikuwa anarudi. Alikuwa amebakiza siku mbili tu kufika nyumbani, na mwana mwenye miguu yenye nguvu angetoka kumlaki siku ya kumi, angemkuta hai amekaa kwenye jiwe lile.

Chande akalia. Akalia mpaka sauti ikakatika. Kisha akachimba, akamzika mama yake hapohapo, akiangalia asikate shina hata moja.

Alikuwa na njaa. Vitango vilikuwa tele mbele yake, vichanga, vya kuuma kachu. Hakuchuma. Akachomoa nyuzi katika kipande cha kaniki kilichosalia, akafunga kitango kimoja, akafunga cha pili, akafunga hadi uzi ukaisha. Akajenga kibanda cha matawi. Akakaa.

Siku kumi akakaa. Ngedere wakaja, akawafukuza kwa fimbo ya mama yake, ko, ko, ko. Siku ishirini akakaa. Alikula mizizi na majani. Siku thelathini akakaa. Vitango vikanenepa, vikageuka manjano, vikawa vibaya. Akavipasua, akaloweka mbegu siku mbili. Zilizoelea akazimwaga, zilizozama akazikausha kwa majivu. Wasafiri walipompitia wakimuuliza anangoja nini, aliwaambia, "Namngoja mama." Wakadhani ana wazimu.

Akarudi kijijini na kibuyu kimejaa. Akasimama palepale mama yake aliposimama, watu wote wamekusanyika.

"Vile vitango vitatu nilivichuma mimi," akasema. "Mama yangu hakula hata kimoja. Yuko siku mbili kutoka hapa, chini ya jiwe. Mbegu hizi zimeota kwenye nguo yake."

Kuku walisikika wakichakura. Bi Asumini akaitazama mikono yake muda mrefu. Kisha akasogea na kikombe, akapokea mbegu zake nane, moja ikaanguka, akapiga magoti kuitafuta vumbini.

Akazipanda. Vitango vilipotoka, alichomoa uzi kwenye nguo yake mwenyewe, akafunga kimoja. Nyumba ya pili ikafunga. Nyumba ya tatu ikafunga. Mpaka kesho, katika nyumba za watu wale, kila ua una kitango chenye uzi, na hakiitwi mbegu. Kinaitwa cha Bibi. Na yule mtoto wa Chande alipopata akili, alipewa jina la Somoe, akawa ndiye anayevifunga:

Cha leo kiende mtungini,
cha mwakani kibaki uani.

Sasa mnataka fundisho. Wanaotaka fundisho siku zote ni wale wale. Haya: msimwachie mtu mmoja kazi ya kungoja kwa niaba yenu nyote, maana siku atakaposhindwa mtamla yeye. Na aliyekosa asitazame mwingine akiubeba mzigo wake hadi mlangoni, hadi njiani, hadi kwenye jiwe. Kusema Chande alisema, lakini mama yake, aliyestahili kusikia, hakuwepo.

Mimi naitua hadithi yangu hapa, kando ya lile jiwe. Atakayepita njia ile aseme hodi.