Gari la Zimamoto la Nezawa

Mjane mmoja wa milimani huko Japani, jina lake Haruno, alikuwa na nyumba ya mbao, shamba dogo la mpunga, na sehemu yake katika gari la zimamoto. Gari hilo lilikuwa mali ya kijiji kizima cha Nezawa. Walilinunua wenyewe, kwa kuchoma makaa na kuuza uyoga wa msituni, na marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akiliendesha.

Zikafika zama za kuunganisha vijiji na miji. Watu wamepungua, wakaambiwa, na kijiji cha wazee watupu hakiwezi kujiendesha. Meya wa mji wa bondeni akapanda Nezawa, akaketi nao sakafuni, akanywa chai yao. Akawaambia mpaka ni mstari wa ramani tu. Wakiufuta, watakuwa nyumba moja, chao kitakuwa cha wote. Haruno aliinua mkono kukubali pamoja na wenzake. Alikuwa amechoka kuogopa kesho.

Ofisi ya kijiji ikafungwa. Kibao chenye jina la Nezawa kikang'olewa barabarani. Kisha wakaja watu wa mjini kulichukua gari, likakae katikati, liwahudumie wote. Hakuna aliyewazuia. Wangezuiaje, na wao walishakubali?

Majira ya baridi yalipoingia, moto ulizuka mchana katika zizi la Kisaburo, jirani yake Haruno, ukarukia paa la Haruno pia. Akapiga simu mjini. Aliyepokea akamwuliza, Nezawa ndiyo wapi? Haruno akaeleza, akaeleza tena, huku wazee wenzake wakiutupia moto theluji kwa makoleo. Kisaburo aliingia kumfungulia ng'ombe wake. Hakutoka.

Gari lilipomaliza kupanda ile barabara ya theluji, lilikuta nguzo nyeusi zinafuka moshi. Lilikuwa lilelile la Nezawa, ila ubavuni limeandikwa jina la mji.

Kesho yake meya akaja na mablanketi, na mpiga picha nyuma yake. Akainama sana mbele ya Haruno, kama ilivyo heshima ya kwao.

"Bi Haruno, poleni sana kwa msiba wenu."

Haruno hakuinama. 

"Mlipolitaka gari, mlisema ni letu sote," akasema. "Leo Kisaburo amekufa, msiba umekuwa wetu peke yetu?"

Akamsukumia kifuani blanketi alilopewa. Na wale wazee, waliokuwa wakitetemeka kwa baridi, wakayarudisha yao pia, wakayaweka juu ya theluji miguuni pa meya. Meya akaingia garini mwake, akateremka bondeni. Haruno akahamia kwa dada yake, bonde la pili. Gari la zimamoto liko mjini hadi leo.

Nanyi mnaoambiwa na mwenye nguvu kwamba mali yenu na yake sasa ni moja, mmekwisha kumwuliza ufunguo utakaa mfukoni mwa nani?