Ukuta wa Jini Usoni mwa Mwezi

Alitawala katika mji wa Zahirabadi Sultani Dahmani, mwenye farasi wasiohesabika na kiapo kimoja kizito: kwamba binti yake Raihana hatavuka lango la kasri wala kuozwa mume mpaka irudi pete ya babu yao. Nayo pete hiyo ilikuwa kidoleni mwa jini Shamradi, aliyefungwa na huyo babu usoni mwa mwezi, ndani ya shimo la duara lililozungushiwa ukuta mrefu kama mlima.

Mbaruku, mfanyabiashara wa manukato, alimpenda Raihana kwa sauti tu, maana walizungumza kupitia dirisha la kimiani kila alipoleta udi na marashi.

"Wewe kailete hiyo pete," Raihana alimwambia siku moja, "nami sitangoja hata kuvaa viatu."

Maneno hayo yakampandisha wazimu Mbaruku, na akamwita kunguru mkubwa ajabu ambaye yeye Mbaruku aliwahi kumnasua mtegoni, na akampanda mgongoni na wakaruka, na moyo ukamdunda kwa furaha hata akasahau kuogopa.

Walipotua mwezini Mbaruku akautafuta ukuta, asiuone! Mawe yaliyoanguka kutoka mbinguni tangu enzi na enzi yalikuwa yameugonga na kuusaga, na upande mmoja haukufika hata kifundo cha mguu. Na katikati ya shimo aliketi jini, kichwa magotini.

Sasa, mtu wa Zahirabadi haingii kwa mwenziwe bila kukaribishwa, hata nyumba iwe haina paa. Mbaruku akasimama ukingoni, akaita, "Hodi!"

"Karibu," jini akanguruma bila kuinua kichwa. "Panda ukuta uingie."

"Ukuta upi, ewe bwana wa majini? Nimetafuta mlango nibishe, nimeona vumbi na wewe, basi."

"Usinichezee, mwanadamu! Nimeapishwa nisitoke wala nisivue pete hii maadamu ukuta umesimama."

"Basi inua uso utazame, nakusihi kwa haki ya aliyekuumba!"

Jini akainua uso, akatazama kulia na kushoto, na akapiga ukelele, akicheka na kulia pamoja, na akaivua pete.

"Chukua! Na mgongo wangu pia, kunguru wako apumzike!"

Wakashuka Zahirabadi mchana kweupe, na watu wakajaa mapaani kushangilia. Sultani akaipokea pete, akaigeuzageuza, akaanza hotuba: "Enyi mawaziri wetu watukufu, kiapo chetu…"

Alipoinua macho, Raihana alikuwa keshavuka lango, miguu mitupu, anacheka.

Arusi ikafanywa papo hapo uwanjani, na jini akawatunza lulu na yakuti za kuwatosha wao na wajukuu. Nawe uliyesikia habari hizi, ukiambiwa ukae ndani kwa sababu ya ukuta, inua kichwa mara moja moja, utazame kama ungalipo.