Fomu ya Jina Moja

Sogeeni karibu. Aliyeshika simu aiweke chini, maana hii ninayowapa si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Nikimaliza mtanijibu, na sitaki jibu la kunifurahisha.

Palikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja, hapa hapa Mbeya, nyuma ya soko la Mwanjelwa. Mkubwa ni Lwitiko, ambaye akitaka jambo hutoa alichonacho chote bila kuangalia nyuma. Wa pili ni Atupele, binti anayesoma hadi maandishi ya nyuma ya boksi la dawa ya meno, na akishasoma hasahau. Wa mwisho ni Gwakisa, fundi saa, mwenye mkono usiotetemeka hata akiwa na njaa.

Sebuleni kwao kulikuwa na kompyuta ya kuchezea gemu, imezeeka. Ukiweka gemu jipya la magari, gari linaruka, linaganda, linaruka tena. Ndipo chuo kimoja cha Dar kikatangaza shindano: leteni kompyuta kuukuu mliyoifufua wenyewe, iendeshe gemu lile nusu saa bila kukwama. Zawadi ni kusoma chuoni hapo miaka miwili, ada na malazi juu yao. Nafasi ni moja tu.

"Tushinde kwanza," alisema Lwitiko. "Nani aende, tutajua mbele ya safari."

Hilo ndilo kosa lao la kwanza, na walilifanya huku wakicheka.

Kompyuta ilihitaji vitu viwili: prosesa, yaani kile kidude kinachofikiri, na mazabodi, ule ubao ambao prosesa hukaa juu yake. Si kila prosesa hukaa kwenye kila mazabodi. Mimi haya nimeyajua kwa kusikiliza ugomvi, sikuyasoma popote.

Lwitiko alikuwa na kinanda. Ndicho alichopigia kwaya kila Jumapili, ndicho kilichomfanya aitwe kwenye harusi za watu. Alikibeba hadi dukani, akakibadilisha kwa prosesa nzuri na mazabodi. Jumapili iliyofuata kwaya ilikuwa imeshapata mpigaji mwingine, na Lwitiko alikaa benchi la nyuma akiangalia viatu vyake.

Siku ile Atupele alikwenda naye dukani. Aliona mara moja kwamba vitu vile viwili haviendani. Lakini kaka alikuwa anaongea na muuzaji, na kwao binti hamkosoi kaka yake mbele ya mgeni. Akanyamaza. Walipofika nyumbani prosesa ikakataa kukaa, na kwenye risiti palikuwa pameandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

"Uliona?" Lwitiko alimuuliza.

"Niliona, kaka."

"Ukanyamaza."

"Ungenisikiliza mbele ya yule baba?"

Kesho yake Atupele akaanza kutembea. Wiki tatu alizunguka kwa mafundi, namba ya mazabodi inayoikubali prosesa ile ameikariri kichwani, mpaka akaipata Uyole ndani ya gunia la vyuma chakavu. Fundi alimpa bure, akamwambia ni takataka. Atupele alikuwa akifundisha watoto tuisheni barazani. Aliporudi, wazazi wa watoto hao walikuwa wameshawahamishia kwa mwalimu mwingine.

Kweli ilikuwa takataka. Pini ambazo prosesa hukalia, nyembamba kuliko unywele, zilikuwa zimepinda na kulaliana. Gwakisa akakaa dirishani siku nne, lenzi ya saa jichoni, sindano ya mama yake mkononi, akinyoosha moja baada ya nyingine. Ingekatika hata moja, kazi yote ingeishia hapo. Haikukatika. Aliporudi sokoni alikuta meza yake ya kutengenezea saa wamepewa watu wa simu.

Gari likakimbia nusu saa bila kuganda. Wakashinda, wakarudi na fomu yenye nafasi ya jina moja, na jina hilo sharti liandikwe na mzazi.

Waliyazungumza juu ya sinia la ugali.

"Bila prosesa yangu mlikuwa na boksi tupu," alisema Lwitiko.

"Bila mazabodi yangu ulikuwa na prosesa ya kuweka kabatini," alisema Atupele.

"Na bila sindano," alisema Gwakisa, "nyote wawili mlikuwa na uchafu."

Lwitiko akamgeukia dada yake. "Ungesema neno moja tu siku ile, leo Gwakisa angekuwa na meza yake."

Ugali ule haukuisha. Tangu siku hiyo kila mmoja anapakuliwa sahani yake na anakula pembe yake. Lwitiko ameichomoa prosesa, anatembea nayo mfukoni. Atupele ameficha mazabodi chini ya godoro. Gwakisa hana cha kuchomoa, basi amechukua sindano. Kasha la kompyuta limebaki sebuleni tupu, na kuku amelifanya kiota.

Fomu inatakiwa kesho saa sita mchana. Aliyeachiwa kalamu ni mama yao, na mama yao ni mimi.

Msinionee huruma, bado sijamaliza. Aliyemfundisha Atupele kunyamaza mbele ya watu ni mimi. Nilianza kumfundisha akiwa na miaka sita, na alipokosea nilimfinya. Nikimnyima nafasi kwa sababu alinyamaza, nitakuwa namwadhibu kwa kunitii. Nikimpa, kaka zake watasema nimelipia kosa langu kwa kinanda cha mmoja na meza ya mwingine, na hawatakuwa wamekosea.

Kalamu hii hapa. Je, wewe ungeandika jina la nani?