Usingizi wa Mwinjuma

Apangishaye chumba hupangisha na usingizi.

Mmeisikia leo kwa yule mama aliyemfukuza dalali, mkarudi hapa mnacheka, mnaulizana nani amewahi kupanga usingizi. Kaeni. Maneno hayo hayakusemwa na mtu aliyeshiba akakosa la kuzungumza. Methali hii ilianza hivi.

Mjini Tanga palikuwa na nyumba ya vyumba vinane, mali ya mzee aliyeitwa Mbaruku. Katika chumba cha mwisho, kinachopakana na uani, alikaa Siwema na mumewe Mwinjuma, fundi cherehani, pamoja na watoto wao wawili. Mbaruku hakuwa katili. Kila alipokuja aliwaletea watoto kashata, akauliza hali za wagonjwa kwa majina. Ndiyo maana watu walichelewa kumkasirikia.

Masika ya mwaka ule mlango wa uani ulioza, komeo likang'oka, pakabaki tundu. Wapangaji wakawa wanauegemezea kinu kwa ndani. Siwema akaenda kwa mwenye nyumba.

"Baba, mlango wa uani hauna komeo. Tunalala roho juu."

Mbaruku akacheka kwa upole. "Mwanangu, nyumba ile imezindikwa tangu enzi za marehemu baba. Pale kizingitini pamefukiwa kitu. Mwizi akiingia atazunguka uani mpaka asubuhi, mkamwokote kama embe. Mji mzima unajua."

Kweli mji ulijua. Wezi wa mitaa ile walikuwa wakiipita nyumba ya Mbaruku kwa upande wa pili wa barabara.

Mwinjuma hakuridhika. Akanunua komeo kwa mkono wake, akakopa nyundo. Mbaruku alipopata habari alikuja mbio, kanzu kaishika mkononi. "Usipigilie hata msumari mmoja! Utalitibua zindiko, halafu mje kunilaumu mimi. Nyumba ni yangu, mlango ni wangu." Mwinjuma akamrudishia jirani nyundo yake. Mpangaji ni mgeni, wanangu, hata akikaa miaka kumi.

Siwema alikwenda tena mara mbili, kisha akaacha. Hapa ndipo ninapomhurumia kuliko pengine pote, maana alianza kuamini. Miezi minane ikapita bila sufuria kupotea, naye akajiambia pengine wazee wanajua wanalolisema. Siku njema nyingi zinaweza kumdanganya mtu kuliko mwongo yeyote.

Ikafika Ijumaa moja. Mwinjuma alikuwa na homa, siku mbili hajafumba jicho. Karibu na adhuhuri jasho likamtoka, akalala. Siwema alifurahi hata akatokwa na machozi. Wanaume wa nyumba ile walikuwa msikitini, wanawake wako sokoni. Akawachukua watoto wasije wakampigia baba yao kelele, akatoka kwa kunyata kwenda dukani kutafuta ndimu za uji.

Aliporudi alikuta kinu kimelala ubavu na mlango wa uani uko wazi. Chumbani cherehani haikuwapo. Mwinjuma alikuwa palepale kitandani, shuka mpaka kifuani, kapigwa panga la shingo. Hapakuwa na dalili kwamba aliwahi kuinuka. Mwizi alimwona mtu, akaogopa ataamka.

Siwema aliwasukumia watoto ukumbini, akavuta mlango nyuma yake, ndipo akapiga ukelele.

Mwizi alikamatwa stendi na cherehani begani. Alikuwa mtu wa mbali, ana siku mbili tu mjini. Polisi mmoja, mwenyeji wa pale, alimuuliza kama hakuogopa zindiko la nyumba ile. Akashangaa. "Zindiko gani?"

Jibu hilo lilizunguka mji kabla ya arubaini ya marehemu.

Kesi ya mwizi ilikuwa ya serikali. Lakini Siwema alikwenda kwa wazee wa mtaa kumshtaki Mbaruku, na wengi walimlaumu. Wakasema huzuni imempotosha, mzee wa watu hakushika panga. Siku ya baraza watu walijaa, wengine kwa kumhurumia Mbaruku.

Mbaruku alisimama akazungumza vizuri, maana alikuwa na ulimi. "Wazee wangu, msiba huu ni wangu pia. Lakini mimi nilipangisha chumba. Chumba kipo. Paa halivuji, kuta ni nzima. Nilimuahidi marehemu ulinzi? Sisi tuna mkataba wa chumba. Kifo ni amri ya Mungu."

Baadhi ya vichwa vikaanza kuitikia. Mjumbe aliyeongoza baraza akamgeukia Siwema. "Bibi, una neno?"

Siwema alikuwa ndani ya eda, kajifunika mpaka usoni. Alizungumza polepole.

"Mungu hajakataza komeo. Mume wangu alilinunua, huyu akamkataza kulipigilia. Nimelileta." Akalitoa ndani ya kanga akaliweka mkekani, bado jipya. "Wazee, Mwinjuma angetaka pa kusimama tu, barabara ipo. Alipanga chumba apate pa kulala. Baba Mbaruku, ulipompangishia chumba ulimpangishia na usingizi. Kuta zako nimeziona. Usingizi wa mume wangu uko wapi?"

Mbaruku akalitazama komeo lile mkekani, akaketi.

Wazee walikata shauri kwamba damu ile ina mkono wake. Wakamtaka awalee watoto wale mpaka wajitegemee, na mlango utengenezwe siku ileile. Mbaruku hakubisha.

Seremala akaja na msumeno na mbao moja. Siwema alisimama ukumbini akimtazama. Alikata kipande kilichooza, akaziba, akapigilia lile komeo la Mwinjuma, akalijaribu mara mbili. Likafunga barabara. Ndimu alizokwenda kununua siku ile zilimchukua muda mrefu kuliko kazi ile.

"Ni hivyo tu?" Siwema akauliza.

"Ni hivyo tu, mama," seremala akajibu, akakusanya vyombo vyake.

Hapo Siwema akaanguka chini akalia. Barazani hakuwa amelia.

Basi mkienda kesho kuangalia chumba, dalali akawasifia rangi na vigae, zungukeni kwanza uani mkautikise mlango. Mwenye nyumba akiwacheka, mwambieni bila kuona haya: apangishaye chumba hupangisha na usingizi.