Kipanya Kisichosogea

Kipanya cha kompyuta ya parokia kilikufa siku moja kabla askofu hajafika, na majina ya watoto wa kipaimara yalikuwa hayajachapwa. Karani, Eufrasia, aliibeba kompyuta mpaka dukani kwa tajiri Ndunguru, akachagua kipanya kipya.

"Hicho hakisogei bila programu ya kiwandani," alisema Ndunguru. "Acha kompyuta, uje kesho. Na kuiweka hiyo programu unalipia."

"Nasikia mtu anachomeka tu kinafanya kazi, bosi."

"Nani kakudanganya? Kikisogea bila programu, chukua bure! Wateja hawa mashahidi."

"Haya, anza basi, nami nikae nione."

Ndunguru alichomeka flashi. Programu ilifunguka yenyewe, ikamuuliza kama anakubali masharti. Alipapasa mezani akitafuta kipanya chake cha dukani, asikione. Kwa haraka alichomeka kile kipya, akakisogeza hadi penye "Nakubali", akabonyeza.

Wateja waliangua kicheko.

"Mungu akuzidishie, bosi," alisema Eufrasia, akakichomoa. Kisha akainuka, na pale kwenye stuli kikaonekana kipanya cha Ndunguru. "Nisamehe, kaka. Hiki nilikikalia. Jumamosi nitaungama."